Gari ya kizamani inakaribia kuchinjwa spea? Wahi kabla ya bisbisi

Jamani gari ya kizamani haifi kwa kutu. Kutu ina subira, inakula pole pole miaka thelathini na gari bado ikabaki gari. Inayoua ni siku ile mtu wa kwanza anapokuja na bisbisi akafungua taa moja tu ya nyuma, "hii tu bibi, wala haiwaki", mana baada ya taa inafata kioo cha pembeni, baada ya kioo kabureta, wiki ya tatu milango haipo, wiki ya nne wanapita watu wa vyuma chakavu na gari ya ng'ombe wanauliza bei kwa kilo. Kwa hiyo ukiiona gari imekaa uani kwa watu na mzima bado, kazi ya kwanza sio kuitengeneza. Kazi ya kwanza ni kuizuia ile skrubu moja.

Mwaka jana nlikuwa napita Kianga, hapa Unguja, kwa shemeji yangu kufata mafenesi, nikaona pua ya Morris Minor, ile gari ndogo ya zamani ya Kiingereza, inachungulia nyuma ya banda la kuku. Nikasimama. Kuzunguka nyuma namkuta kijana kalala kifudifudi, bisbisi mkononi, taa ya kushoto ishatoka, na aliyeinunua keshaondoka na Vespa yake, mlio bado unasikika huko barabarani. Dakika chache tu nimechelewa! Nkapiga hodi akatoka bi mkubwa. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Nkamwambia naomba niiangalie gari hii. "Angalia mwanangu, macho hayana pazia." Basi hapo ndo mambo yalipoanzia, na haya ninayoandika mengine nliyafanya sawa na mengine nliyaharibu.

Siku ya kwanza usitaje bei. Watu wengi wakiiona gari kama hii wanaropoka pale pale "nakupa laki tano", sasa mwenye gari ambae jana alikuwa anafugia kuku ndani yake leo anajua ana mali, na jioni yake ishatangazwa kwenye baraza zote. Wewe kaa, kunywa chai, uliza habari zake. Ilikuwa ya nani, ilikuwa inafanya kazi gani, ilisimama lini na kwa sababu gani. Hili la mwisho muhimu kuliko yote mana gari iliyosimama kwa kukosa breki na gari iliyosimama kwa kuvunjika kranki ni vitu viwili tofauti kabisa. Bibi akaniambia marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa skuli, gari ilisimama siku ilipoanza kukataa kushika breki, akasema ntaitengeneza mwezi ujao, na mwezi ujao haukuja. Hapo nkajua injini huenda ni nzima.

Kabla hujaondoka omba kitu kimoja tu: wiki mbili asiguse mtu. Toa arbuni, hata iwe ndogo, na muandikishane kikaratasi. Arbuni ina heshima yake kwetu, mtu akishapokea ataona haya kumuuzia mwengine. Na yule kijana mwenye bisbisi usigombane nae, wengi wanakosea hapa. Yeye ndo anaejua kila kilichotoka kimekwenda wapi. Mie nlimpa hela ya vocha nkamwambia wewe ndo mlinzi wa gari, na uniandikie kwenye daftari kila ulichouza na nani kakinunua. Akaandika vitu vinne: taa, kifuniko kimoja cha gurudumu, kioo cha ndani na kile kifuniko cha tangi la petroli. Hivo vinne tu. Ningempigia kelele angesema hajui.

Sasa maneno ya kumshawishi mwenye gari, mana atakuuliza kwanini asiiuze vipande vipande. Mpigie hesabu mbele yake. Morris Minor ina uzito wa kilo 750 na ushei, zidisha kwa bei ya kilo ya chuma ya siku hiyo, hiyo ndo bei ya chini kabisa na wewe lazima uipite. Halafu spea: kweli taa, beji, dainamo, kabureta ya SU (hiyo ni chapa), usukani na vioo vitanunuliwa. Lakini vitanunuliwa hivo tu. Vitu vitano sita vya juu vinakwenda haraka, hela inaliwa, halafu linabaki ganda lisilo vioo linaloingia mvua, halina usukani wa kulisukumia, na mwenye chuma chakavu akija anakwambia hilo mpaka nilikate hapa hapa na gharama ya kukata natoa kwenye bei. Niliwahi kumsikia mtu mzima mmoja Mwanakwerekwe anasema aliuza gari yake vipande kumi na moja na hakumbuki hela ya kipande hata kimoja imefanya nini.

Haya, mirathi. Hapa ndo watu wanalia. Gari nyingi za namna hii mwenyewe keshafariki, na aliyebaki nyumbani sio mwenye gari peke yake. Mke akiwa na watoto fungu lake ni thumni, yani moja ya nane, zilobaki ni za watoto na warithi wengine, mtoto wa kiume mafungu mawili wa kike moja. Kwa hiyo ukinunua kwa bibi peke yake hujanunua kitu, siku moja atashuka mtoto kutoka Muscat au Dar aulize gari ya baba iko wapi na atakuwa na haki. Tafuta warithi wote, japo kwa simu, kila mmoja aseme naridhia, andikeni hati ya mauziano mbele ya sheha, yani kiongozi wa serikali wa mtaa, na mashahidi wawili. Kama mirathi haijagaiwa kabisa au wanavutana, basi njia ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakama ya kadhi, na wewe subiri tu. Mie nilisubiri miezi minne kwa sababu ya kaka mmoja alokuwa hapokei simu. Ndani ya miezi hiyo minne gari ikabaki pale pale kwa bibi, na hilo halina ubaya, gari kubaki kwa mwenyewe ikiwa nzima ni bora kuliko wewe kuikimbiza usiku. Kadi ya gari waulize mapema, mara nyingi iko kwenye sanduku la nguo pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ikiwa imepotea chukua taarifa ya upotevu polisi kwanza ndo uende Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na kile kibao cha namba cha zamani cha ZNZ usikitupe hata ukipewa namba mpya.

Wakati unasubiri piga picha. Piga picha kila kitu kabla hujagusa, nyaya zinapita wapi, kila skrubu, rangi chini ya kapeti, stika, hata uchafu. Tafuta kibati cha namba ya chesisi kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Kwenye Minor za miaka ya 60 namba zinaanza na herufi kama MA2S5, M ni Morris, A ni aina ya injini, 2S ni bodi ya milango miwili, 5 ni toleo. Kwa namba hiyo unaweza kuwaandikia British Motor Museum huko Gaydon, Uingereza, wanatoa cheti kutoka kwenye vitabu vya kiwanda, kwa malipo, kinachoonesha gari ilitengenezwa siku gani, rangi gani na ilipelekwa nchi gani. Hicho cheti ukimuonesha mrithi mkaidi analainika.

Na ukitaka kukisia umri hapo hapo uani angalia kioo cha mbele. Kama ni vipande viwili vyenye mshipi katikati hiyo ni kabla ya mwisho wa 1956. Ikiwa kipande kimoja, angalia ubavuni baina ya mlango na dirisha la nyuma, kama kuna mkono wa indiketa unaochomoza kama kidole cha mtu anaeomba kuzungumza darasani basi kwa kawaida ni kabla ya 1961. Ya Kianga ni hiyo, kioo kimoja na mikono yote miwili ipo! Injini ya cc 948. Ile mikono ndo kitu cha pili kuibiwa baada ya taa, kwa hiyo niliifungua mwenyewe kwa idhini ya bibi, nkaifunga kwenye kitambaa, nkaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga nkaandika juu "mikono ya Morris". Kanuni yangu ni hiyo, kinachoweza kuchopolewa kwa dakika mbili kitolewe na wewe, kiandikwe, na kibaki na gari ile ile, kisiende nyumba nyengine.

Kuihifadhi pale ilipo. Watu wanakimbilia turubai la plastiki, wanaifunga gari gubi gubi kama maiti. Usifanye. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, chini ya plastiki gari inatoka jasho, ukija baada ya masika unaikuta imeoza kuliko ingelowa. Weka kibanda cha makuti au mabati juu, pembeni wazi upepo upite, vioo teremsha kidogo upana wa kidole. Usiiweke chini ya mnazi, sina haja ya kueleza. Chini ya mfenesi nako utomvu na popo. Toa kuku, toa nyasi za panya kwenye viti, osha chini yote kwa maji baridi ya mfereji kuondoa chumvi na matope kisha iache ikauke jua kali siku mbili. Halafu oili au nta sehemu za ndani zilizofichika. Mafundi wetu wanapenda oili chafu, inasaidia kweli lakini inanuka na inachafua, na ukija kutaka kupiga rangi utajuta, mie natumia grisi iliyoyeyushwa na mafuta ya taa kidogo napaka kwa brashi, ila mbali na moto.

Sasa kuangalia kama inaokoka. Chukua sumaku ya spika mbovu uitembeze kwenye bodi, pasiposhika pana puti, ile ya kuzibia mashimo kabla ya rangi, na chini ya puti pana siri. Halafu inua kapeti gonga sakafu kwa mpini wa bisbisi, chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Kumbuka Minor haina chesisi ya peke yake kama Land Rover, bodi yenyewe ndo chesisi, kwa hiyo kizingiti cha chini ya mlango kikioza sio urembo, gari inakatika mgongo. Angalia pale springi za nyuma zinaposhikia bodi, na ile boriti ya chuma inayopita chini katikati. Ukifungua mlango halafu haurudi kufunga vizuri, gari ishaanza kuinama. Vyote hivyo vinachomeleka lakini utajua gharama. Land Rover za zamani za mashamba ni kinyume chake, bodi karibu yote ni aluminiamu haishiki kutu, chesisi ya chuma ndo inayoisha chini kimya kimya, na hiyo aluminiamu ndo inayowaleta watu wa chakavu mbio mana bei yake sio ya chuma. Huko Pemba zimechinjwa nyingi kwa sababu hiyo. Ukiipata ya Pemba panga mapema kuivusha kutoka Mkoani au Wete kwa meli inayopakia magari, ikiwa inatembea kwa magurudumu yake, mana gari isiyosukumika ni balaa bandarini.

Kuihamisha basi. Tairi zimekwisha, tia tiubu hata kuukuu zishike upepo siku moja tu. Breki zitakuwa zimeng'ang'ania ngoma, gonga ngoma pole pole kwa nyundo ya mbao, usivute kwa nguvu. Na hapa kuna kitu kinaitwa kingpini za mbele, zile pini za wima zenye mkato wa skrubu zinazobeba gurudumu, zinataka grisi kila wakati na gari iliyosimama miaka haijaonja grisi. Zikiwa zimelika gurudumu linachomoka linalala chali, tena ukiwa unakata kona. Kabla ya kuivuta hata mita mia, zigrisi, zitikise, zikicheza sana pandisha gari juu ya lori usiivute. Mie niliivuta kwa kamba nyuma ya Toyota Noah ya rafiki yangu kwa sababu nlitaka kubana hela, ikatuchukua saa tatu kufika Fuoni na roho mkononi. Na ukiinua kwa jeki usiingie chini ikiwa imekaa kwenye matofali ya saruji, tofali linapasuka bila ya kuaga. Magogo ya mwembe ni bora.

Injini usiiwashe! Najua mkono unawasha, kila mtu pale atasema "tia betri tusikie". Toa plagi nne, mimina kila tundu kijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi otomatiki, iache wiki. Angalia kifyonza hewa na bomba la moshi, nyigu wa udongo wanajenga humo. Mwaga oili ya zamani, mwaga petroli iliyooza, tangi lake linachukua lita 30 hivi na yangu ilitoka kitu kama vanishi. Baada ya wiki tumia hendeli, Minor ina tundu lake mbele, uzungushe kwa mkono taratibu. Ukihisi imeshika, subiri wiki nyengine. Usiisukume kwa gia wala kuivuta na gari nyengine, ukivunja ringi za pistoni hapo umejifanyia mwenyewe.

Umeme. Hili niandike kwa herufi kubwa: GARI HIZI CHANYA YA BETRI NDO INAYOSHIKA BODI. Sio hasi kama Toyota. Fundi umeme wa siku hizi akija anafunga betri kwa mazoea na dainamo inachanganyikiwa, ukitia redio mpya nayo inakufa. Bandika karatasi juu ya betri. Ukiwasha swichi sikiliza, pampu ya petroli ya SU inagonga tik tik tik mpaka ijae kisha inanyamaza. Ikigonga bila kukoma petroli haifiki au inavuja mahala. Ikiwa kimya kabisa, igonge kidogo kwa mpini wa bisbisi, wazee walikuwa wakifanya hivo hivo.

Spea sasa, mana watakuambia hazipo ndo sababu ya kuichinja. Zipo. Injini hii ya Minor, inaitwa A-series, ilianza 1951 kwenye Austin A30 na iliendelea kwenye Mini mpaka mwaka 2000, kwa hiyo vitu vingi vya ndani bado vinatengenezwa. Vipande vya bodi kuna watu Sri Lanka walianza kuvitengeneza kwa ajili ya Minor. Ila mtu akikwambia "chukua vya Ambassador ya India ni sawa sawa" muache, Ambassador imetokana na Morris Oxford, gari nyengine kubwa. Na spana zako za milimita weka pembeni, nati ni za inchi, ukilazimisha unazilia pembe zote. Mafundi watu wazima wa Saateni wengine bado wana seti za inchi chini ya benchi, waulize kwa heshima watakuazima, pengine na hadithi juu yake.

Watakushauri utie injini ya Toyota Starlet. Mie sipendi, lakini sikatazi mtu mwenye shida ya usafiri, ila usikate kitu kwa ajili ya kuitia na injini ya zamani iweke kwenye boksi ibaki na gari. Mbaya zaidi ni mapambo. Kuna hoteli moja ya pwani, siitaji, ilinunua gari nzima inayotembea ikakata pua wakaitundika ukutani nyuma ya baa, nyuma yake wakapandia maua. Nlipouliza nkaambiwa wageni wanapenda kupiga picha. Kwa hiyo ukimtafutia gari mtu wa kuitunza kwa sababu wewe huna uwezo, muulize kwanza anataka kuifanya nini, na liandikeni kwenye hati kwamba haikatwi.

Yangu sasa inatembea mpaka Bububu na kurudi. Bibi nilimpitia Iddi akakaa mbele na mtandio wake, akasema kiti kimekuwa kigumu. Vitu vitatu kati ya vinne vya kwenye daftari vimerudi, kifuniko cha tangi kilikuwa kinazibia dumu la mafuta ya nazi. Taa ya kushoto tumeifatilia na yule kijana mpaka Jang'ombe, ipo nyuma ya Vespa, inawaka vizuri tu. Mwenyewe hataki hela, anataka taa mpya ya Vespa na vioo viwili vya pembeni. Nishavinunua Darajani, kesho baada ya laasiri nampelekea.